Mzigo wa Mama Mjamzito
(Hotuba ya Mkaguzi wa Vyama vya Ushirika kwa wajumbe wa kamati na makatibu wa vyama vya msingi vya pamba)



Mmezoea kunisikia nikisema juu ya stakabadhi na vitabu vya fedha. Leo naomba niseme juu ya watoto wanaozaliwa kabla ya wakati, yaani kabla mimba haijatimiza majuma 37.

Msimu mmoja nilikuwa nikikagua mizani katika chama kimoja. Mama mjamzito alifika alfajiri, mzigo wa pamba kichwani. Hadi jua linatua, zamu yake ilikuwa haijafika. Baadaye nilipata habari kwamba alijifungua mimba ikiwa ya miezi saba, na mtoto hakuishi. Siwezi kudai kwamba mzigo ule ndio uliosababisha. Mara nyingi sababu haijulikani. Lakini watu walimlaumu yeye, ilhali sisi tuliokuwa kwenye mizani tulimtazama tu.

Wataalamu wa afya wanataja mambo yanayoongeza hatari: kazi nzito na kusimama saa nyingi, malaria, upungufu wa damu, lishe duni, sigara, pombe, kupigwa, mimba za utotoni, na mimba zinazofuatana upesi mno. Ndugu zangu, mengi katika hayo hayamo katika uwezo wa mama peke yake. Mwanamke hajipigi mwenyewe, wala hajinyimi chakula kwa hiari yake.

Kwa hiyo napendekeza mambo manne. Kwanza, mama mjamzito apimiwe pamba yake mbele ya wote, na mzigo wake upokewe mlangoni. Pili, asitozwe faini kwa kukosa kazi za pamoja. Tatu, asinyunyize dawa za wadudu. Nne, siku ya malipo, kila mume atenge fedha za chakula na nauli ya kliniki. Tangu mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani linashauri mahudhurio yasiyopungua 8, la kwanza kabla ya majuma 12 kupita. Na akiona damu, maji au uchungu kabla ya siku zake, apelekwe hospitali mara moja, bila kungoja asubuhi.

Mapendekezo matatu ya kwanza hayahitaji mkopo wala kibali cha Chama Kikuu. Yaandikwe katika kumbukumbu za mkutano wenu ujao. Nitakapokuja kukagua, nitaomba kuyaona.