Serikali ya Kupitisha Bajeti Tu: Somo la Italia, 1960

(Mada iliyotolewa kwenye darasa la vijana. Tumeiweka kama ilivyosemwa.)

Nimepewa dakika chache na nimeonywa nisilete nadharia, kwa hiyo nawaletea hesabu. Andikeni: 300, 293, 24.

Tuko Italia, mwaka 1960. Vita imekwisha miaka 15 iliyopita na katiba ya 1948 inakataza kukifufua chama cha kifashisti. Chama tawala, Democrazia Cristiana (DC), hakina wingi bungeni kikiwa peke yake. Februari, serikali ya Antonio Segni inaanguka baada ya Waliberali kuitupa mkono. Rais Giovanni Gronchi anampa kazi Fernando Tambroni, aliyewahi kuwa Waziri wa Mambo ya Ndani. Tambroni anaunda baraza la DC watupu. Wananchi wanaambiwa msiwe na wasiwasi, hii ni ya muda tu, inapitisha bajeti halafu inaondoka.

Jamani, nani anagombana na bajeti?

Tarehe 8 Aprili bunge likapiga kura ya imani. Ndiyo 300, hapana 293. Na ile 24? Hao ni wabunge wa MSI, chama kilichoanzishwa 1946 na masalia ya utawala wa Mussolini. Walisema ndiyo. Toeni 24 kwenye 300 muone kama kuna serikali hapo.

Wenye macho waliona. Mawaziri watatu wa DC yenyewe wakaachia ngazi. Tambroni naye akajiuzulu, Amintore Fanfani akajaribu kuunda serikali akashindwa, Rais akamrudisha Tambroni. Mwisho wa Aprili Seneti ikampitisha.

Sasa deni likaanza kudaiwa. MSI wakataka kufanya mkutano mkuu wao Genova, mwanzoni mwa Julai. Huo ni mji ambao mwaka 1945 wapiganaji wa msituni waliulazimisha jeshi la Wajerumani lisalimu amri kwao. Ni kama kwenda kucheza ngoma kwenye msiba uliousababisha mwenyewe. Lakini utamzuiaje mtu ambaye akikuachia unadondoka?

Tarehe 30 Juni Genova ikagoma. Wazee waliopigana vita wakaingia barabarani, na pembeni yao vijana wa rika lenu, wengi wamevaa fulana za mistari. Mabomu ya machozi yakapigwa, lakini watu hawakurudi nyuma. Mkutano ukafutwa.

Hapo mtataka kupiga makofi. Subirini kwanza.

Tarehe 7 Julai, Reggio Emilia, wafanyakazi walikuwa na mkutano. Ukumbi haukutosha, watu wakabaki nje uwanjani. Polisi wakawafyatulia risasi. Watu watano wakafa. Mdogo wao alikuwa na miaka 19, mkubwa 41. Kuna polisi waliopelekwa mahakamani, na mwaka 1964 wakaachiwa huru. Wengine waliuawa siku hizohizo Sicilia.

Tarehe 19 Julai Tambroni akajiuzulu. Serikali ya bajeti ilidumu takriban miezi minne, ikaacha makaburi.

Naomba mwondoke na mambo mawili.

La kwanza, mkisikia "ya muda", msiulize itakaa siku ngapi. Ulizeni inasimama kwa kura za nani. Tambroni alisema hana mpango mkubwa, ana kazi za kawaida tu. Inawezekana kabisa aliamini hivyo. Lakini aliyekubeba ndiye anayechagua njia.

La pili, na hili halitupendezi sana sisi wapenda maandamano: barabara iliufunga mlango mmoja, lakini haikuunda serikali. Ilibidi vyama vidogo vya katikati vikae na DC, vikubali kumuunga mkono Fanfani, na Wasoshalisti wasipige kura ya kumpinga. Hao Wasoshalisti waliingia barazani Desemba 1963. Miaka mitatu ya vikao, makamanda. Vikao vya kuchosha, visivyo na picha za kurusha mtandaoni.

Yule kijana wa miaka 19 hakuviona vikao hivyo. Waliobaki ndio waliokaa vitini. Kwa hiyo tukiitwa kwenye vikao vya kata, tusitume udhuru.

Tuingie kwenye maswali.