Zamu ya Sala Isiruke Nyumba: Watu Wenye Ulemavu na Jumuiya Ndogo Ndogo za Isongole

Mada ya huduma kwa watu wenye ulemavu parokiani huishia mara nyingi kwenye orodha ya vitu. Tunataja fimbo nyeupe, kiti mwendo, mchele wa Krismasi, na hafla ya Siku ya Watu Wenye Ulemavu, tarehe 3 Desemba. Vitu hivyo vina kazi yake na sivibezi. Lakini nasema huduma hii haianzii Karitas wala ofisi ya paroko. Inaanzia kwenye jumuiya ndogo ndogo, na kipimo chake cha kwanza ni zamu ya sala: inapozunguka nyumba kwa nyumba, je, inafika kwenye nyumba yenye mtu mwenye ulemavu, au inairuka?

Tuitazame kwanza ardhi yetu. Isongole ipo kwenye barabara ya Mbeya–Tukuyu, jirani na Mlima Rungwe wenye urefu wa karibu mita 2,960. Ni nchi ya viazi, ya baridi na ya mvua. Tukuyu hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na miezi ya masika njia za mashambani huwa tope tupu. Kiti mwendo kilichotengenezwa kwa ajili ya sakafu na lami hakipandi njia hizo. Ngazi za kanisa tunaweza kuziondoa na kuweka njia ya mteremko, na tuifanye kazi hiyo, lakini itamsaidia mtu aliyekwisha kufika mlangoni. Asiyeweza kutoka uani kwake bado hatujamgusa. Kwa hiyo katika milima hii Kanisa halina budi kumfuata mtu nyumbani, na chombo cha kumfuata tunacho tayari. Maaskofu wa AMECEA, umoja wa mabaraza ya maaskofu wa Afrika Mashariki, walizichagua jumuiya ndogo ndogo kuwa kipaumbele cha kichungaji mwaka 1973, wakalithibitisha hilo Nairobi mwaka 1976, wakitaka Kanisa liishi pale watu wanapoishi. Kama kuna Mkristo ambaye uamuzi ule unamfaa kuliko wote, ni huyu asiyeweza kupanda kilima.

Hata hivyo nyumba yake ndiyo rahisi kurukwa. Pengine familia yenyewe inaona haya na kusema zamu yetu ipite tu. Pengine majirani wanasema tusiwasumbue, wana mgonjwa. Maneno haya yanasikika kama ya upole, lakini matokeo yake ni mtoto kukua bila kuijua sura ya jumuiya yake. Mtu anaweza kunijibu kwamba kwao hakuna watu wenye ulemavu. Jibu langu liko kwenye hesabu. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2008 ulikuta kwamba asilimia 7.8 ya Watanzania wenye umri wa miaka 7 na kuendelea walikuwa na ulemavu. Ni wastani wa nchi nzima, haukupimwa Isongole, na unawahusu pia wazee ambao macho au miguu imechoka. Lakini kwa wastani huo, jumuiya yenye watu 50 wa umri huo ingetarajiwa kuwa na wanne hivi. Daftari la jumuiya likionyesha sifuri, tulishuku daftari kwanza.

Pingamizi zito zaidi huwa halitamkwi vikaoni: hofu kwamba ulemavu ni laana, au kwamba unaambukiza. Hapa mfano wa Mahenge unatufaa. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 daktari Louise Jilek-Aall, mzaliwa wa Norwei, alianzisha kliniki ya kifafa huko, kwenye eneo la misheni ya Kikatoliki. Aliwakuta watu wenye makovu mabaya ya moto, kwa sababu aliyeanguka motoni wakati wa degedege aliogopwa. Iliaminika kwamba mate yake yanaambukiza. Dawa ya bei ndogo iliwapunguzia wengi degedege. Dawa iliutuliza ugonjwa. Lakini hofu ya majirani ilihitaji watu walioonekana wakigusa, wakilisha na kuketi pamoja na mgonjwa bila kudhurika. Kazi hiyo ya pili haihitaji daktari. Jumuiya inayosali sebuleni kwa mtu mwenye kifafa zamu inapofika kwake, ikanywa chai kwenye vikombe vya nyumba ile, inawafundisha majirani jambo ambalo mahubiri peke yake hayawezi kulifundisha. Na kwa wanaodai kwamba mgonjwa angepona kama imani yake ingekuwa kubwa, Injili ya Yohane, sura ya 9, imeshajibu: Yesu alikataa kumhesabia dhambi yule aliyezaliwa kipofu, yeye au wazazi wake. Tuwaombee wagonjwa, ndiyo. Tusiwatwishe hatia.

Makatekista wana swali lao, nalo ni la haki: mtoto mwenye ulemavu wa akili asiyeweza kukariri katekisimu atapokeaje Komunyo ya kwanza? Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, kanuni ya 913, inadai mtoto awe na ujuzi wa kutosha. Lakini kanuni ya 777 inamwagiza paroko ahakikishe kwamba wenye ulemavu wa mwili au wa akili wanapewa katekesi kadiri hali yao inavyoruhusu. Kuzisoma pamoja ni wajibu wetu. Hiyo 913 yenyewe, inapomzungumzia mtoto aliye katika hatari ya kufa, inaridhika akiweza kutofautisha Mwili wa Kristo na chakula cha kawaida na kuupokea kwa heshima. Basi Kanisa linajua kwamba imani ina njia nyingine ya kujionyesha kuliko kujibu maswali kwa kukariri. Mtoto anayenyamaza hostia inapoinuliwa, anayekunja mikono akimwona mama yake amekunja, ametuambia jambo. Atakayelitambua mapema ni mwanajumuiya anayemwona kila wiki, si mtahini anayekutana naye siku moja.

Kwa viziwi tuko nyuma zaidi, na inasikitisha, maana Kanisa Katoliki ndilo lililofungua shule ya viziwi Tabora mwaka 1963, ya kwanza nchini. Kiziwi anaweza kuhudhuria Misa miaka mingi bila kupata homilia hata moja. Sheria haimzuii: kanuni ya 990 inaruhusu kuungama kupitia mkalimani, ambaye naye anafungwa na siri, na kanuni ya 1104 inakubali ridhaa ya ndoa kutolewa kwa alama kwa asiyeweza kusema. Kinachokosekana ni watu wanaoijua lugha ya alama. Napendekeza VIWAWA, chama chetu cha vijana Wakatoliki, watoe vijana wawili kutoka kila kigango wajifunze, na walimu wao wawe viziwi wenyewe.

Wapo watakaosema kazi hii ni ya serikali, na sisi hatuna fedha. Ni kweli serikali ina wajibu. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 imeweka kamati zao hadi ngazi ya kijiji, na katika asilimia 10 ya mapato ya ndani ambayo halmashauri hutenga kwa mikopo isiyo na riba, asilimia 2 ni za watu wenye ulemavu. Lakini haki haimfikii mtu ambaye hakuna anayejua kwamba yupo. Mjumbe wa jumuiya akimpeleka kwa mtendaji wa kijiji, akamsaidia kujaza fomu, akamsindikiza Hospitali ya Igogwe mtoto aliyezaliwa na mguu kifundo wakati mguu bado unanyooka kwa plasta, ametumia nauli na nusu siku. Na tusiishie kumpelekea tu. Mwenye ulemavu awe mweka hazina, aongoze rozari, asome somo kwa nukta nundu, atoe zaka yake kama wengine. Anayepokea kila siku bila kuombwa chochote hajahesabiwa kuwa mwanajumuiya.

Naomba basi kila mwenyekiti wa jumuiya, kabla ya kikao kijacho cha halmashauri ya walei, aandike daftarini nyumba zote za eneo lake, azipitie kwa miguu yeye na katekista, na aipange zamu ya sala bila kuruka hata moja. Familia ikiona haya, arudi tena. Daftari hilo likabidhiwe kwa paroko, na bajeti ya parokia ya mwaka ujao ipangwe kutokana nalo.