Umuganura na nyanya za Buñol

Kila Jumatano ya mwisho ya Agosti, watu katika mji wa Buñol, Uhispania, hurushiana nyanya barabarani mpaka wote wawe wekundu. Mkulima wa Rwanda akiona hayo atashika kichwa. Kwetu, Ijumaa ya kwanza ya mwezi huohuo ni Umuganura, sherehe ya mavuno: mtama mpya huonjwa, watoto hunyweshwa maziwa, ngoma hulia. Wabelgiji waliipiga marufuku mwaka 1925. Sherehe yenyewe ilimzunguka mwami, yaani mfalme, na mkoloni, nadhani, hakupenda shukrani zipite mlango mwingine. Leo ni sikukuu ya taifa. Na barabara tupu kama za Buñol tunazo: hapa Kigali tunazifungia magari Jumapili za mazoezi, tangu 2016. Ngoma za Umuganura zingepita hapohapo, bila kumwaga hata nyanya moja.