Mtoto Anapopewa Dawa ya Usingizi

Leo tunazungumza nawe mama, na wewe unayemlea mtoto, kuhusu dawa ya usingizi ambayo wengine huiita nusukaputi.

Mtoto anapofanyiwa upasuaji, kwa mfano wa ngiri, mara nyingi hulazwa kwa dawa anayoivuta kwa pumzi. Mhudumu wa usingizi humfunika pua na mdomo kwa barakoa laini. Dawa kama sevoflurani huchanganywa na oksijeni ndani ya mashine. Mtoto huivuta ikaingia mapafuni, damu ikaifikisha kwenye ubongo, naye akalala asihisi maumivu. Upasuaji ukimalizika dawa husimamishwa, naye huitoa kwa pumzi na kuamka.

Sasa mama, sikiliza kwa makini. Usingizi huu si kama ule wa nyumbani. Koo nalo hulala. Tumboni kukiwa na chakula, kinaweza kupanda na kuingia mapafuni, na mtoto akapoteza maisha. Ndiyo maana huambiwa usimlishe.

Kwa kawaida uji, chakula na maziwa ya ng'ombe au ya kopo hukomeshwa muda wa saa 6 kabla ya dawa. Maziwa ya mama hukomeshwa muda wa saa 4 kabla. Maji matupu huweza kuruhusiwa hadi karibu zaidi, lakini uliza kwanza, na ufuate saa ulizopewa na hospitali yako.

Mtoto akilia kwa njaa, usimpe kijiko cha uji kwa siri. Nyanya yake na msichana wa kazi nao waelezwe mapema. Na kama amekula, sema ukweli kabla hajaingizwa thieta. Huenda upasuaji ukaahirishwa, na najua nauli ni ghali. Lakini nauli hutafutwa, mtoto hatafutwi.

Mweleze mhudumu pia kama mtoto ana homa, kikohozi, pumu au jino linalolegea, na kama kuna mtu wa ukoo aliyewahi kudhuriwa na dawa ya usingizi.

Akiamka anaweza kulia au kutapika. Kaa karibu naye. Ukiona anapumua kwa shida, mwite muuguzi mara moja.

Mwambie na jirani.