Dirisha la Matatu: Harufu, Hewa na Afya ya Mtoto

Leo tutazungumza juu ya hewa tunayovuta ndani ya matatu. Ni jambo la kila siku, iwe unatoka Likoni, Kisauni au Changamwe, na mara nyingi tunalichukulia kuwa ni kero tu, si afya.

Sote twaijua hali ilivyo. Ni mchana, joto la kaskazi limepanda, na matatu ya viti 14 imejaa pomoni. Mmoja ametoka kubeba mizigo tangu alfajiri, jasho limemkaukia mwilini. Mwingine ana ndoo ya samaki, na shombo limeenea gari zima. Nyuma kuna mtu anakohoa. Wewe umempakata mtoto wa wiki 6, unampeleka kliniki kuchanjwa. Unataka kufungua dirisha, mara unasikia, "Funga, mwanangu, mtoto atapigwa na upepo apate nimonia!" Anayesema hivyo ni bibi mwenye mapenzi, nawe wamstahi, basi unafunga. Unamfunika mtoto kwa leso mpaka usoni. Je, hapo umemkinga mtoto?

Tuanze na harufu. Je, harufu mbaya huleta ugonjwa? Kikwapa, shombo la samaki na nguo zenye jasho hukera, na mama mjamzito huweza kupata kichefuchefu hata kutapika. Lakini harufu hizo zenyewe haziambukizi ugonjwa. Kwa hiyo tusimdhihaki mwenzetu aliyetoka kazini bandarini au sokoni. Jasho lake ni riziki ya watoto wake.

Kinacholeta ugonjwa mara nyingi hakina harufu. Mtu mwenye kifua kikuu cha mapafu anapokohoa, vijidudu hutoka na kuelea hewani. Huvioni wala huvinusi. Surua nayo huenea kwa hewa, na virusi vyake huweza kubaki hewani kwa muda wa hadi saa 2 baada ya mgonjwa kuondoka. Kumbuka kwamba chanjo ya kwanza ya surua hutolewa mtoto akiwa na miezi 9, na ya pili akiwa na miezi 18. Huyo wa wiki 6 uliyempakata bado hana kinga hiyo. Homa ya mafua na Korona, iliyotuvaa mwaka 2020, huenea vivyo hivyo.

Safari moja fupi haina maana kwamba umeambukizwa. Hatari huongezeka watu wanapokuwa wengi, muda unapokuwa mrefu, na hewa inapokuwa haitoki. Kwa hiyo gari lililofungwa vioo vyote, likakwama kwenye foleni ya Changamwe au likisubiri feri, ni mahali pa kuangalia sana.

Sasa, je, upepo wa dirishani huleta nimonia? La. Nimonia huletwa na vijidudu vinavyoshambulia mapafu. Ndiyo maana ipo chanjo ya kukinga baadhi ya vijidudu hivyo, ambayo Kenya ilianza kuitoa mwaka 2011. Mtoto huipata akiwa na wiki 6, 10 na 14. Upepo wa dirishani hupunguza vijidudu vilivyomo garini, kwa sababu hutoa hewa chafu na kuingiza hewa safi. Kama upepo ni mkali, mkalishe mtoto mbali kidogo na dirisha au mgeuze akuelekee kifuani, lakini dirisha liache wazi. Usimfunike uso. Kumfunika gubigubi katika fukuto la Mombasa kunampandisha joto na kunamzuia kupumua vizuri.

Wapo watakaouliza, "Na magari yenye AC je?" Kiyoyozi hupoza hewa, lakini kupoza si kusafisha. Vingi huizungusha hewa ile ile ya ndani. Mtaona baridi, mtaona raha, kumbe mnavuta pumzi ya aliyekohoa. Kama gari lina kiyoyozi, mwombe dereva awashe sehemu ya kuingiza hewa ya nje, au mfungue dirisha kidogo. Na yale manukato yanayoning'inizwa mbele ya dereva? Huficha uvundo tu, hayaui vijidudu.

Kuna harufu moja, mama, ambayo usiivumilie: moshi wa injini au petroli ndani ya gari. Moshi wa gari una gesi ya kaboni monoksaidi. Gesi hiyo yenyewe haina harufu, nayo huweza kuua. Mkinusa moshi, au abiria wakianza kuumwa na kichwa, kizunguzungu na kichefuchefu, fungueni madirisha yote, simamisheni gari, mteremke.

Basi tufanye nini?

Kwanza, fungua dirisha, na mwombe wa upande wa pili afungue lake ili hewa ipite. Sema kwa upole, "Samahani kaka, tufungulie kidogo, nina mtoto mchanga." Mvua ikinyesha, acheni japo upenyo.

Pili, usipande gari lililojaa kupita kiasi ikiwa unaweza kungoja jingine. Tangu kanuni za Februari 2004, tulizoziita sheria za Michuki, matatu ya viti 14 hubeba abiria 14. Ni haki yako kumkumbusha makanga.

Tatu, ukikohoa, ziba mdomo kwa leso au kiwiko, au vaa barakoa. Mtoto wa chini ya miaka 2 asivishwe barakoa.

Nne, beba mfuko wa karatasi kwa ajili ya matapishi na nepi chafu, ufunge vizuri. Ukifika, nawa mikono kwa sabuni kabla ya kumnyonyesha mtoto.

Tano, usikose tarehe za chanjo. Ile ya BCG hutolewa mtoto anapozaliwa, nayo humkinga na kifua kikuu kikali.

Na kama mkohozi ni wewe au mtu wa nyumbani kwako, asione haya. Nendeni hospitali ya Likoni, Port Reitz au kituo chochote cha serikali mkapimwe makohozi. Dawa za kifua kikuu ni bure, na zinaponya zikimalizwa. Watoto wa nyumba hiyo nao waangaliwe, kwani nyumbani ndiko wanakovuta hewa moja na mgonjwa usiku kucha.

Mwisho, mjue dalili za hatari. Mtoto wa chini ya miezi 2 akipumua mara 60 au zaidi kwa dakika, wa miezi 2 hadi mwaka mara 50 au zaidi, mbavu zikibonyea ndani, akishindwa kunyonya au akipata degedege, mkimbizeni hospitali saa hiyo hiyo. Msingoje asubuhi.

Mama, bibi akikwambia ufunge dirisha, mjibu kwa heshima, "Bibi, nesi amesema hewa safi ndiyo kinga."