Silaha Sokoni: Uislamu Unasemaje Juu ya Vita vya Mijini?

(Mada iliyotolewa kwa wazazi na vijana, Ujiji, Kigoma)

  



Sisi watu wa mwambao wa Ziwa Tanganyika hatuhitaji kusimuliwa vita. Kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya ndugu zetu waliokimbia mapigano Kongo. Lakini leo tunazungumzia vita vya namna nyingine: vile vinavyoingizwa mijini na watu wanaodai kuipigania dini yetu, na ambao wito wao huwafikia vijana wetu kwa Kiswahili hiki hiki tunachosomeshea madrasa.

Tuanze na hukumu. Bukhari na Muslim wamepokea kutoka kwa Abu Musa al-Ash'ari (R.A.) kuwa Mtume (S.A.W.) alimuamrisha mwenye kupita msikitini au sokoni na mishale azishike ncha zake, asije akamjeruhi Muislamu. Huyo ni mpita njia asiye na nia mbaya, na bado amewekewa sharti. Je, anayekwenda sokoni kwa kusudi la kumwaga damu atasimama wapi mbele ya Allah?

Tazameni yaliyotokea. Oktoba 2016 wapiganaji wa Daesh waliuvamia mji wa Kirkuk, Iraki, wakapigana mitaani na vikosi vya usalama vya Wakurdi. Wengi wa waliouana pale walielekea kibla kimoja.

Msisemi kuwa Iraki ni mbali. Tarehe 5 Oktoba 2017 vijana wenye silaha walivishambulia vituo vya polisi vya Mocímboa da Praia, kaskazini mwa Msumbiji, mji wa pwani wenye Waislamu wengi. Agosti 2020 waliuteka mji huo. Ulipokombolewa na majeshi ya Msumbiji na Rwanda, Agosti 2021, ulikuwa magofu na karibu mtupu. Nani aliadhini humo? Nani alisomesha watoto? Hata upande wetu wa Mto Ruvuma haukusalimika: Oktoba 2020 kijiji cha Kitaya, mkoani Mtwara, kilishambuliwa.

Tena tuwe waadilifu, kwani Qur'an (5:8) inatukataza chuki isitupeleke kwenye dhulma. Machi 2021 shirika la Amnesty International liliwatuhumu waasi kwa mauaji ya raia, na likawatuhumu vilevile askari wa serikali na kampuni binafsi ya ulinzi iliyokodiwa. Abubakar (R.A.), alipolituma jeshi Sham, alilikataza kuua mwanamke, mtoto na mzee, na kukata miti yenye matunda. Mipaka hiyo inamfunga kila mwenye silaha, awe muasi au askari.

Fitina hii si mpya. Makhawarij waliwakufurisha Masahaba, kisha wakamuua Abdullah bin Khabbab. Ali (R.A.) hakuwapiga vita kwa maneno yao, aliwapiga Nahrawan, mwaka 38 Hijria, baada ya kumwaga damu. Na kabla ya hapo Ibn Abbas (R.A.) aliwaendea, akaketi nao, akazisikiliza hoja zao tatu. Waliposema kuwa haifai watu kuhukumu katika dini ya Allah, aliwakumbusha kuwa Qur'an yenyewe (4:35) imeagiza waamuzi wawili baina ya mume na mke. Maelfu wakarejea siku ile bila ya upanga kuchomolewa.

Hapo ndipo wajibu wetu ulipo.

Kwanza, kijana akiuliza swali zito juu ya jihadi, tusimfukuze msikitini. Tukimfukuza, atajibiwa na mwingine, tena gizani. Huko Msumbiji walianza kwa kujitenga na misikiti ya wazee wao.

Pili, wazazi mjue mwana anasoma kwa nani. Mwalimu asiyetaka kujulikana alisomea wapi, au anayemwambia mtoto afiche darsa kwa wazazi wake, huyo si mwalimu.

Tatu, tusiyafiche malalamiko yetu ya haki, wala tusiyageuze kuwa kibali cha kuua. Dhulma hudaiwa kwa hoja, kwa umoja na kwa subira. Qur'an (5:32) imeifanya nafsi moja iliyouawa bila ya haki kuwa kama watu wote.

Ndugu zetu, Ujiji ilisomesha dini kwa vizazi vingi. Tukiacha elimu hiyo izimike, tusishangae watoto wetu wakifuata moto wa wengine.

Tunamuomba Allah (S.W.) aihifadhi miji yetu, awarehemu waliouawa bila ya hatia, na awaongoze vijana wetu kwenye elimu yenye manufaa. Amin.

Wabillahi tawfiq.