Mwana Kupona na Ngazi ya Chicago



Katika kusahihisha mitihani ya ushauri nasaha nimekutana mara nyingi na jibu lilelile. Swali humhusu mama aliyefiwa na mumewe. Mwanafunzi huorodhesha hatua tano, yaani kukana, hasira, kubembeleza, sononeko na kukubali, kisha humtafutia mama huyo hatua aliyofikia. Wengine huandika kuwa amekwama. Ni nadra kumwona anayeuliza mama huyo anaishi na nani, au nani anamtegemea. Sina ugomvi na wanafunzi hawa, maana wanaandika walichofundishwa. Ugomvi wangu ni na fundisho lenyewe.

Elisabeth Kübler-Ross, daktari wa magonjwa ya akili aliyezaliwa Uswisi, aliketi na wagonjwa wa hospitali moja ya Chicago waliokuwa wakikaribia kufa, akawasikiliza wakati madaktari wengi waliwakwepa. Kitabu chake, On Death and Dying, kilitoka mwaka 1969, na kwa ujasiri ule namheshimu. Lakini angalieni alizungumza na nani: alizungumza na wanaokufa, si waliofiwa. Anayeyaaga maisha yake mwenyewe, na anayeamka alfajiri kukuta upande mmoja wa kitanda ni mtupu, hawana msiba mmoja. Hatua zilizotokana na wale wa kwanza zilivishwa hawa wa pili, na ushahidi ukaachwa utafutwe baadaye. Kübler-Ross mwenyewe alizihamishia kwa wafiwa. Hata hivyo, katika kitabu alichoandika pamoja na David Kessler, kilichotoka 2005 baada ya yeye kufariki, walilalamika kwamba hatua hizo zimeeleweka vibaya na kwamba si kila mfiwa huzipitia wala kuzifuata kwa mpangilio. Onyo hilo halikutufikia. Kilichotufikia ni mchoro wa ngazi.

Na ushahidi ulipotafutwa ulisema nini? Mwaka 2007 Paul Maciejewski na wenzake walichapisha katika jarida la JAMA utafiti wa wafiwa 233 wa Connecticut, Marekani. Watetezi wa ngazi huushika kwa mikono miwili, kwa kuwa vilele vya hisia vilifuatana kama nadharia ilivyotabiri. Someni basi namba zenyewe. Hisia iliyokuwa na nguvu kuliko zote tangu miezi ya mwanzo ilikuwa kukubali, ile inayosemekana kuwa kipago cha mwisho! Na katika hisia za maumivu, iliyotawala ilikuwa kiu ya kumwona tena aliyeondoka. Kiu hiyo haimo kabisa miongoni mwa zile tano.

Nina sababu ya kulichukulia jambo hili kwa uzito. Shangazi yangu alipofiwa, nilimpeleka kwa mshauri wa hospitali moja. Mshauri alimfungulia mchoro, akamwambia bado yumo kwenye kukana, kwa kuwa kila alipomtaja mumewe alisema “mzee hapendi kelele”, badala ya “hakupenda”. Njiani kurudi shangazi aliniuliza, “Mwanangu, kwani kufiwa nako kuna kufeli?” Eda ilipokwisha alianza kuwafundisha wasichana wa mtaani kusuka ukili. Akalala usingizi, akarudia kula vizuri. “Mzee hapendi” hakuiacha, na sioni kwa nini aiache.

Mila za matanga, arobaini na eda zimeandikwa vya kutosha, nazipita. Nataka kukaa na mwanamke mmoja wa Pate.

Mwaka 1275 wa Hijra, yaani 1858, Mwana Kupona binti Mshamu alimtungia binti yake utenzi wa beti mia moja na mbili. Mjadala kama utenzi huo unamkweza au unamdhalilisha mwanamke mnaujua. Mimi nausoma kama kazi ya mfiwa. Mtunzi ni mjane, na ni mgonjwa ambaye maradhi yake yametimiza mwaka. Anamwita binti asogee na wino na karatasi. Anamweleza jinsi alivyoishi na baba yake kwa furaha na kicheko bila kuvunjiana heshima, na jinsi kifo kilipofika mume alivyomkariria radhi zake. Anasema alishukuru, akamwachia Mungu. Kisha, papo hapo, anasema tangu siku ile mpaka anapotunga kilio chake hakijanyamaza. Kukubali na kilio vimeketi bega kwa bega, hakuna kinachomsubiri mwenzake aondoke. Na tazameni kilio hicho kimewekwa wapi: ndani ya wasia. Mama huyu hakungoja kupona ndipo afundishe. Anafundisha huku analia, na mwishoni anawaita wanawake wengine waje wausome utenzi wake.

Hapo ndipo ninaposimama: mfiwa hujengeka upya anapokuwa na mtu wa kumpa kitu, iwe wasia, ufundi au malezi. Najua pingamizi. Wapo ambao huzuni huwalemea kabisa. Shirika la Afya Duniani limeitambua hali hiyo katika ICD-11, iliyoanza kutumika 2022, nao wanahitaji tabibu. Tena Richard Tedeschi na Lawrence Calhoun, walioeneza nadharia ya ukuaji baada ya maafa, hawakudai kwamba kila aliyeumia hukua, nami simdai mfiwa yeyote ukuaji kana kwamba ni deni. Nikishayapima yote hayo, bado naamini kwamba kumpokonya mjane nafasi ya kutoa, kwa hoja kwamba kwanza apone, ni kumchelewesha.

Kwa hiyo, kuanzia muhula ujao, hatua tano zitafundishwa katika kozi yangu kama sehemu ya historia ya taaluma. Katika mafunzo ya vitendo mwanafunzi ataanza kwa kumuuliza mfiwa ni nani anayemtegemea, na ni jambo gani angependa kumfundisha mtu huyo.